Maji Yalipopanda: Bendi ya WITCH Baada ya Jagari

Juu ya meza ninayoandikia limekaa jiwe la kijani kutoka Musonoi, Kolwezi. Upande mmoja umekatwa na kusuguliwa, na hapo penye kung'aa inaonekana mistari: kijani kizito cha jani la mhogo, kijani hafifu, kizito tena, pete ndani ya pete. Ni malakiti, jiwe ambalo zaidi ya nusu ya uzito wake ni shaba. Halikuzaliwa siku moja. Maji ya mvua yalipenya ardhini, yakayeyusha shaba iliyokuwa ndani ya mwamba, yakaiacha tabaka. Yakaja maji mengine, yakaongeza tabaka juu ya lile la kwanza. Wazee wa Katanga walilijua jiwe hili karne nyingi kabla kampuni yoyote haijafika. Waliliyeyusha kwenye tanuri za udongo, wakasubu misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha.

Mwamba wenye jiwe hili haukomei kwetu Kongo. Unatoka Kolwezi, unapinda kama upinde kuelekea kusini-mashariki, unapita Likasi na Lubumbashi, unavuka mpaka wa Kasumbalesa bila kuonyesha pasipoti, kisha unaibuka tena Zambia: Chililabombwe, Chingola, Mufulira, Kitwe, hadi Luanshya. Mpaka ulichorwa na wakubwa wa Ulaya mwishoni mwa karne ya 19; watu waliokuwa wakiichimba shaba hawakuulizwa. Huko ng'ambo Wabemba huiita shaba mukuba, neno ambalo masikio ya Katanga hayalishangai. Na pale Chingola, katika miaka ya 1970, kulikuwa na studio ya filamu iliyopewa jina la jiwe hili hili: Malachite. Ndani yake zilirekodiwa baadhi ya santuri za muziki wa gitaa zito ambao leo dunia inauita Zamrock.

Bendi kubwa kuliko zote za muziki huo ilikuwa WITCH ya Kitwe. Nataka kuisimulia historia yake kuanzia pale ambapo wengi huimalizia: siku mwimbaji wake alipoondoka. Maana watu husema bendi ni sauti yake, na sauti ikiondoka imebaki maiti ya bendi. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni santuri zenyewe.

Lakini tuanze na jinsi vijana walivyoikuta dunia. Pande zote mbili za mpaka, kampuni za migodi zilijenga kambi. Musonoi yetu ilikuwa kambi ya Union Minière du Haut-Katanga: nyumba zilizopangwa kwa mistari, shule, zahanati, uwanja wa mpira. Ng'ambo ya pili kulikuwa hivyo hivyo, na katika kumbi za starehe za migodi bendi zilipata jukwaa na watazamaji wenye mshahara mfukoni. Gitaa lilikuwa limeshaingia kambini mapema. Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimrekodi kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kijana wa Bunkeya aliyeitwa Mwenda Jean Bosco. Alikuwa na gitaa moja tu, akilipiga kwa vidole viwili kana kwamba ni magitaa mawili yanayojibizana. Wimbo wake wa Masanga ulisafiri hadi Nairobi na mbali zaidi, na wapiga gitaa wa nchi nyingi wakajifunza kwake.

Baada ya hapo njia ziligawanyika. Upande wetu vijana walivutwa na rumba ya Kinshasa. Upande wa Zambia, baada ya uhuru wa tarehe 24 Oktoba 1964, vijana wa migodini walisikiliza redio za ng'ambo na santuri za Rolling Stones, Jimi Hendrix na James Brown. Serikali ya Kenneth Kaunda ikachukua asilimia 51 ya migodi kuanzia mwaka 1970. Shaba ilikuwa na bei, na Kaunda akaamuru asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Wazambia. Amri hiyo ilifungua mlango. Aliyekuwa akiiga nyimbo za Wazungu sasa alitakiwa atunge zake.

Ndipo walipojitokeza vijana watano. Emmanuel Chanda alizaliwa mwaka 1951 na kukulia Kitwe. Kwa jinsi alivyorukaruka jukwaani watu walimfananisha na Mick Jagger, na jina hilo likageuzwa kwa ulimi wa nyumbani likawa Jagari. Chris Mbewe alipiga solo. John Muma, ambaye wenzake walimwita Music, alipiga ridhimu. Gedeon Mwamulenga, maarufu kama Giddy King, alishika besi, na Boidi Sinkala akakaa nyuma ya dramu. Jina WITCH ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuzusha vurugu, na kwa masikio ya Kiafrika jina lenye maana ya mchawi lilitosha kumfanya mzazi afunge mlango.

Santuri yao ya kwanza, Introduction, ilitoka mwaka 1972 na ndiyo albamu ya kwanza ya Zambia kuuzwa madukani. Zikafuata In the Past, Lazy Bones!!, Lukombo Vibes, na mwaka 1977 Including Janet. Zambia ya mwanzo wa miaka hiyo haikuwa na mashine za kuchapa santuri. Kanda zilizorekodiwa zilisafirishwa hadi Nairobi, zikarudi zikiwa santuri. Kwa hiyo msomaji wa Afrika Mashariki asiuone muziki huu kuwa wa majirani wa mbali. Mikono ya Nairobi ilishiriki kuuzaa.

Yafaa tuisogelee sauti yenyewe. Gitaa la umeme likipigwa kawaida, nyaya zake hutoa wimbi laini linalopanda na kushuka kama mgongo wa kilima. Wapiga solo wa Zamrock walipitisha wimbi hilo kwenye kisanduku kidogo cha chuma kilicholala sakafuni, kinachobonyezwa kwa mguu. Ndani mna transista chache tu. Zinasukumwa kupita uwezo wake, zikashindwa kulibeba wimbi zima, na kilele cha wimbi kikakatwa kama kilima kilichochongwa na tingatinga. Linalobaki ni sauti pana, yenye kukwaruza, inayoguruma hata noti ikiwa moja. Katika Lazy Bones!! Chris Mbewe anaiachia sauti hiyo ijinyooshe taratibu juu ya besi, haharakishi, kama lori la mawe linalopanda kutoka shimoni kwa gia ya chini. Paul Ngozi, mpiga gitaa mwenzao wa Zamrock, aliikaza zaidi, na mtu anayependa metali nzito ya leo akimsikiliza atamtambua babu yake.

Kisha maji yakapanda.

Mwaka 1974 bei ya shaba duniani ilifika kileleni, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Kwa nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje yalikuwa shaba, lilikuwa pigo la kifuani. Agosti 1975 vita vya Angola viliifunga reli ya Benguela, ile ile iliyobeba shaba ya Kolwezi kwenda bandari ya Lobito. Zambia ilibaki kuitegemea reli mpya ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam. Kusini nako vita vya Rhodesia vilivuka mto Zambezi. Ndege za Ian Smith zilishambulia kambi za wapigania uhuru ndani ya Zambia, taa zikazimwa usiku, watu wakakatazwa kutoka nje. Bendi inayoishi kwa kupiga usiku itakula nini usiku ukifungwa? WITCH walipiga mchana, lakini mtu aliyekosa unga hana nauli ya kwenda dansi saa nane mchana.

Kwetu miaka hiyo ilikuwa na kidonda chake. Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa FNLC, waliotoka Angola na kukatiza kaskazini-magharibi ya Zambia, waliingia Kolwezi. Siku chache baadaye wakashuka askari wa miamvuli wa Ufaransa na Ubelgiji. Mamia waliuawa, weusi kwa weupe. Kambi za watumishi wa Gécamines, kampuni iliyoirithi Union Minière, zilipoteza watu ambao majina yao bado hutajwa misibani. Ninaliweka jambo hili hapa kwa sababu msomaji atakutana na mwaka 1978 tena kabla sijamaliza.

Katika kipindi hicho Jagari aliiacha bendi. Hakukuwa na ugomvi wa kusimuliwa magazetini. Alikuwa mtu mzima mwenye majukumu, na muziki haukulipa. Akashika ualimu wa muziki, na miaka ya baadaye akaingia mashimoni mwenyewe kutafuta vito. Mwimbaji wa WITCH akawa mchimbaji, kama vile mwamba ulikuwa ukimsubiri muda wote.

Waliobaki walikuwa na njia mbili: kulizika jina au kulibeba. Walilibeba. Akaja kijana wa kinanda, Patrick Mwondela, na pamoja naye sauti mpya. Santuri ya kwanza baada ya Jagari, Movin' On, ilitoka mwaka 1980. Mtu aliyezoea Introduction akiisikia kwa mara ya kwanza anaweza kudhani imebandikwa karatasi ya jina isiyo yake. Gitaa la kukwaruza limerudi nyuma, besi inaruka, kinanda cha umeme kinang'aa mbele, na dramu zinakwenda kwa mwendo wa disko. Wengi wamezipita santuri hizi za pili kwa sababu hiyo. Wanasema bendi ilijiuza.

Mimi nasema bendi ilihama, na wenyewe walituambia hivyo. Mwaka 1984 walifyatua albamu nyingine wakaiita Kuomboka. Neno hilo ni la Kilozi, la watu wa tambarare ya Barotse magharibi mwa Zambia, na maana yake ni kutoka majini. Kila mwaka mvua zikiujaza mto Zambezi, tambarare yote hufunikwa. Hapo ngoma kubwa za kifalme hulia usiku kuita wapiga kasia, na asubuhi mfalme, Litunga, hupanda Nalikwanda, jahazi refu lenye mistari myeusi na myeupe, akaiacha ikulu ya Lealui kwenda Limulunga palipo juu. Hakimbii wala hajapinduliwa. Anauhamisha ufalme ili ufalme ubaki. Na maji yakishuka, kuna safari nyingine yenye jina lake, Kufuluhela: kurudi nyumbani.

Vijana waliokuwa wamepoteza mwimbaji, walioona kumbi za migodini zikifungwa na nyaya za gitaa zikikosekana madukani, waliandika neno hilo juu ya ganda la santuri yao. Sijui tangazo lililo wazi kuliko hilo. Mtu akihamia palipo juu wakati wa mafuriko, hatumuulizi kwa nini hayuko tena bondeni.

Swali la nani mwenye jina la bendi limewasumbua hata wenye fedha. Huko Ujerumani, bendi ya Helloween ya Hamburg ndiyo iliyoujenga ule mtindo wa metali wenye magitaa ya mbio na waimbaji wa sauti ya juu unaoitwa power metal. Albamu yake ya kwanza, Walls of Jericho ya mwaka 1985, iliimbwa na mpiga gitaa wake, Kai Hansen. Kisha Hansen akaiachia maikrofoni kijana ambaye hakuwa amefikisha miaka 20, Michael Kiske, na mwaka 1987 ikatoka sehemu ya kwanza ya Keeper of the Seven Keys, santuri ambayo wapenzi wa mtindo huo huihesabu kuwa msingi wao. Baadaye Hansen aliondoka, Kiske akaondoka, akaja Andi Deris na Master of the Rings mwaka 1994. Wote watatu waliimba pamoja kwenye albamu moja mwaka 2021. Helloween walipata muda, studio na afya ya kugombana na kupatana. Hivi vitu vitatu ndivyo Kitwe ilivyonyimwa.

Maana mafuriko ya pili yalikuwa UKIMWI. Katika miaka ya 1980 na 1990 ugonjwa huo uliipitia Zambia bila dawa, na kizazi cha Zamrock kikapukutika. Chris Mbewe, John Muma, Giddy King, Boidi Sinkala: wote wameshatangulia. Katika wale watano wa mwanzo amebaki Jagari peke yake. Mwondela alihamia Uingereza. Jina WITCH likawa halina bendi, na santuri zikawa zinavunjika moja moja kwenye makabati ya watu.

Kilichofuata hakikutarajiwa. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walianza kutafuta zile chache zilizobaki, wakazinunua kwa bei ambayo ingewalipa wanamuziki mshahara wa miaka. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya California ilizitoa upya kazi za WITCH, na mtu aliyekuwa akichimba vito akapokea habari kwamba vijana wa nchi za mbali wanazijua nyimbo zake kwa moyo. Mwitaliano Gio Arlotta akaenda Zambia kumtafuta, akifuatana na wanamuziki wawili wa Uholanzi, Jacco Gardner na Nico Mauskoviç. Safari hiyo ilizaa filamu iliyotoka mwaka 2019, ikazaa pia bendi. Jagari, akiwa amepita miaka 60, akapanda majukwaa ya Ulaya nyuma yake wakiwa vijana wa Kizungu ambao hawakuwa wamezaliwa Introduction ilipotoka. Na kutoka Uingereza akaja Patrick Mwondela.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asimame kidogo. Jagari na Mwondela hawakuwa wenzi wa zamani waliokutana tena. Mmoja ni WITCH ya kabla, mwingine ni WITCH ya baada. Kijana aliyekuja kuziba pengo ndiye aliyesimama sasa pembeni ya mtu aliyeliacha pengo. Kama bendi ilikufa siku Jagari alipoondoka, Mwondela hana cha kurudia. Kumbe walikuwa wameishi katika nyumba moja kwa zamu, na kila mmoja aliitunza zamu yake.

Juni 2023 ilitoka Zango, albamu ya kwanza ya WITCH tangu Kuomboka, miaka 39 kati ya hizo mbili. Waliirekodi Lusaka, katika studio za DB, ambako bendi ilifanya kazi enzi zake, ingawa ingekuwa rahisi kuirekodi Amsterdam. Gitaa la kukwaruza limerudi mbele, lakini kinanda hakikufukuzwa. Wanawake wa Kizambia wanaimba, akiwemo Sampa the Great, msanii aliyezaliwa Zambia na kupata jina Australia. Sikiliza kwa makini utasikia tabaka juu ya tabaka: mwendo wa mwaka 1972, mng'aro wa mwaka 1984, na pumzi ya mzee ambaye hawezi tena kurukaruka, kwa hiyo kila neno analiweka mahali pake. Mwaka 2025 ikafuata Sogolo, neno la Kinyanja lenye maana ya yajayo. Maji yalikuwa yameshuka. Hii ndiyo Kufuluhela yao.

Katika Zango mna wimbo uitwao Waile, unaohusu mateso na familia kutengana. Jagari aliutunga mwaka 1978. Mwaka ule ule wa usiku usio na taa Zambia, mwaka ule ule wa vita vyetu Kolwezi. Haukurekodiwa wakati huo. Alikaa nao kichwani kwa miaka zaidi ya 40, akiwa darasani, akiwa shimoni, akiwazika wenzake mmoja mmoja, mpaka akapata watu wa kuupiga naye.

Ninaposikia Waile hapa Musonoi, ambapo mashimo ya migodi yamesogea hadi karibu na kuta za nyumba, ninawaza juu ya wazee wetu. Kambini palikuwa na wapiga gitaa, na mwaka 1978 nao ulikuwa na mateso na kutengana kwa kutosha. Nyimbo za miaka ile haziko kwenye santuri yoyote. Ziko vichwani mwa watu wenye miaka 70 na 80, wanaokaa barazani jioni na kukohoa vumbi. Jagari alijaliwa umri wa kuufikisha wimbo wake studio. Wenzake wanne hawakujaliwa, na walichokuwa nacho kichwani kimekwenda nao.

Kwa hiyo, kijana wa Musonoi mwenye gitaa, au mwenye simu tu inayoweza kurekodi, usisubiri mgeni wa kutoka Ulaya aje kukutafutia babu yako. Nenda leo jioni. Msalimie, kaa chini, muulize ni wimbo gani alioutunga mwaka ule akakosa wa kuupiga naye. Kisha chukua gitaa, mwombe akuonyeshe wimbo huo unavyoanza.